Siku Tatu za Kukuziwa wa Koo Jeupe

Kisiwa kilianza kutembea saa tisa alasiri.

Mwanzoni mpiga picha alidhani ni kizunguzungu. Alikuwa amelala kifudifudi tangu alfajiri, jicho moja kwenye kamera, na tumbo lilikuwa limeanza kumlalamikia. Kisha akaona matete ya ng'ambo yanasogea kushoto, taratibu, kama basi lililoachiwa breki bila dereva. Akainua kichwa. Upande wa mashariki mbingu ilikuwa nyeusi tii, na upepo ulikuwa unakuja na ngurumo zake, ukilaza mafunjo safu kwa safu.

"Baba," alinong'ona, "hiki kisiwa kinaondoka."

"Nong'ona kwa chini zaidi," baba yake akamjibu.

Ndivyo alivyokuwa mzee huyo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, miaka sabini na mmoja, na wilaya nzima ilimwita Mwalimu Darubini kwa sababu ya ile darubini iliyoning'inia shingoni mwake miaka arobaini, hata kwenye harusi, hata msibani. Siku hizi darubini ilikuwa pambo tu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na dunia kwake ilikuwa mwanga na vivuli. Lakini masikio! Akikaa barazani aliweza kukuambia ni ndege gani yuko kwenye paa la jirani, dume au jike, na kama ameshiba.

Kile kinamasi walimokuwa ni cha ajabu kidogo. Mafunjo yake hayaoti kwenye udongo. Mizizi inashikana yenyewe kwa yenyewe juu ya maji, inatengeneza mkeka mnene ambao juu yake mtu anaweza kusimama, kulala, hata kupika chai. Visiwa hivyo hukaa mahali pamoja miezi na miezi mpaka watu wanasahau kwamba havina mguu chini. Wao wawili walikuwa wamefunga mtumbwi wao kwenye kisiwa kimoja cha namna hiyo, wakaufunika kwa wavu na matete, wakajilaza. Na sasa kisiwa kilikuwa kinasafiri, na wao ni abiria.

"Mtumbwini, baba! Sasa hivi!"

Walichelewa. Upepo ulifika na mvua yake kwa pamoja, mvua ya matone mazito yanayouma ngozi, na kufumba na kufumbua hapakuwa na juu wala chini. Kisiwa kilizunguka. Kisiwa kingine, kikubwa kuliko uwanja wa mpira, kikaja kutoka kulia na kuubana mtumbwi katikati. Mpiga picha alisikia mbao zikilia, kisha zikapasuka. Ndani ya mtumbwi kulikuwa na chakula, maji ya akiba, upondo wa kusukumia, na ndoo ya mfuniko alimotia kamera dakika ile ile ili isilowe.

"Kamera!" akapiga yowe.

Mwalimu hakuona kitu, ila alisikia ndoo ikigonga ubao. Akajirusha. Mzee wa miaka sabini na mmoja, jamani, akajirusha kwa kifua kuelekea kwenye sauti, akaipata ndoo kwa mkono mmoja, na wakati binti yake anamvuta kwa mkanda wa suruali ubao uliovunjika ukamwingia kwenye nyama ya mguu, chini ya goti. Mtumbwi ukazama. Wakabaki wamekumbatiana kwenye mafunjo, ndoo katikati yao, wakipelekwa wasikokujua.

Dhoruba ilidumu saa moja tu. Ilipokwisha, jua likatoka kama vile halikuhusika. Mpiga picha akasimama, akageuka pande zote nne. Mafunjo. Mafunjo marefu kuliko yeye, na juu yake mbingu. Alama zote alizokariri asubuhi zilikuwa zimehama.

Akaanza na jeraha, maana damu haisubiri. Akachana kitambaa chake cha kichwa vipande viwili, kimoja akakifunga juu ya kidonda, akakaza mpaka mzee akasaga meno. Kisha akahesabu mali yao: chupa moja ya maji ya lita moja na nusu, nusu mkate, mayai mawili ya kuchemsha, kisu, na kamera yenye betri iliyobaki na mstari mmoja.

"Usiwe na wasiwasi," mzee akasema. "Kesho asubuhi mlinzi wa kinamasi ataona hatujarudi, atatufuata."

"Atatufuata wapi? Uliandika nini kwenye daftari lake?"

Mzee akaanza kufuta darubini kwa ncha ya shati.

"Baba. Uliandika nini?"

"Niliandika tunakwenda magharibi, penye mti mkavu."

"Magharibi! Sisi tulikuja mashariki!"

"Watega ndege wanalisoma lile daftari," mzee akajitetea. "Kiota hakitajwi mahali pake. Ndiyo sheria ya chama, tangu kilipoanzishwa."

Mpiga picha akakaa chini. Alizijua sheria za chama cha watazama ndege, alilelewa nazo kama watoto wengine wanavyolelewa na sala. Kiota hakitajwi. Nguo ziwe rangi ya tope, na chombo kifunikwe mpaka hata samaki asikione. Simu zinaachwa kwenye kikapu cha mlinzi, kwani mlio mmoja tu unafukuza ndege wa wiki nzima. Sheria tatu nzuri, kila moja na sababu yake. Ukizijumlisha zote, wao wawili walikuwa wamejificha kwa ustadi mkubwa, bila simu, upande ambao hakuna mtu angewatafuta. Akatamani kucheka, akatamani kulia. Akafanya vyote viwili kidogo kidogo.

*

Siku ya pili jua liliwachoma bila huruma. Mpiga picha aliinamisha vilele vya mafunjo, akavifunga pamoja, akapata kivuli cha kumtosha mzee. Kiwiliwili chake mwenyewe kilibaki juani. Mguu wa Mwalimu ulikuwa umevimba na kuwaka moto, na ruba walikuwa wamejikaribisha. Akawabandua mmoja mmoja kwa ncha ya kisu.

Maji ya chupa yaliisha saa nne.

"Chuja ya hapa hapa," mzee akamwelekeza. "Kunja kitambaa mara nane. Ukishachuja, laza chupa juani mpaka jioni. Jua linaua vijidudu. Nilikufundisha darasa la sita."

"Darasa la sita nilikuwa nachora maua."

"Ndiyo maana ulipata alama ulizopata."

Akachuja. Maji yalitoka na rangi ya chai iliyokorogwa maziwa kidogo mno. Akailaza chupa juani na kuikodolea macho saa baada ya saa, huku ulimi umemkauka kinywani.

Mchana walisikia mtambo wa boti. Ulikuwa mbali sana, magharibi, unanguruma, unanyamaza, unanguruma tena. Watu wa chama walikuwa wanawatafuta kwa bidii, penye mti mkavu, pale pale palipoandikwa daftarini. Wakausikiliza mpaka ukafa. Mzee alikuwa amegeuza uso.

"Nimekuponza, mama," akasema baada ya muda. Alimwita binti yake mama tangu siku aliyozaliwa.

"Tutatoka."

"Nakuuliza kitu kimoja. Unijibu kweli, maana huenda nisipate nafasi nyingine. Wewe uliniamini?"

Mpiga picha hakuhitaji kuuliza kuhusu nini. Katika nyumba yao hilo jambo lilikuwa mtu wa saba mezani. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, asubuhi moja ya ukungu, baba yake aliona ndani ya kinamasi hiki kukuziwa wa koo jeupe, ndege mdogo wa kutembea chini ya mafunjo, ambaye kwenye orodha ya ndege wa wilaya hakuwapo, na vitabu vilisema hawezi kuwapo. Alikuwa peke yake. Hakuwa na kamera. Chama kikakaa kikao, na katibu wake, fundi cherehani mpenda ukweli ambaye pia alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, akachora mstari juu ya taarifa ile na kuandika pembeni: *haijathibitishwa*. Mtaani ikageuzwa mzaha. Mtu akitia chumvi kwenye hadithi yake, anaambiwa, "Hilo nalo ni koo jeupe." Shuleni mpiga picha aliitwa Binti Koo Jeupe mpaka akamaliza. Na sasa orodha mpya ilikuwa inakwenda kiwandani kuchapwa Jumatatu, ya kwanza tangu wakati ule, na huenda ya mwisho katika uhai wa mzee. Kiangazi hiki Mwalimu alikuwa ameisikia sauti ya ndege huyo mara mbili, kutoka ukingoni. Akamfuata binti yake studio, akasimama kati ya pazia la bluu la picha za pasipoti na kioo chenye chanuo lililofungwa kamba lisiibwe, akasema, "Mimi nina masikio. Njoo na macho."

Naye akaja. Alifunga studio siku nne, akaja. Lakini kuamini?

"Hapana, baba," akasema. "Sikuamini. Nilikuja kwa sababu nakupenda. Nilidhani ulikosea, ukaona haya kurudi nyuma."

Nzi walimtua mzee kwenye bandeji, hakuwafukuza.

"Afadhali umesema," akajibu hatimaye. "Mama yako alikufa ananiambia ananiamini, na nilijua ananipaka mafuta." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamshinda, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Binti yake akamshika mabega. Ilimuuma kuliko kiu. Jioni wakanywa yale maji, nusu kwa nusu, wakala yai la mwisho, wakalala mgongo kwa mgongo huku mbu wakifanya karamu.

*

Siku ya tatu, kulipopambazuka, mzee alimgusa bega kwa kidole kimoja.

"Usitikisike," akasema kwa pumzi tu. "Sikiliza."

Sauti ilikuwa karibu mno, nzito, ya chini, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Vuu. Kimya. Vuu, vuu. Mpiga picha alifungua ndoo bila mlio. Akatoa betri aliyoihifadhi mfukoni, akaisukuma kwenye kamera. Mstari mmoja, unameta mwekundu. Akasubiri, ubavu ukimuuma, mbu akiwa amejaa damu kwenye kope lake.

Mafunjo yakapasuka kidogo. Kikatoka kichwa.

Mungu wangu! Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, hapiti ngumi ya mtu, mwili wa rangi ya kahawa mbichi, miguu mirefu ya kijani, na kooni, kuanzia kidevu mpaka kifuani, weupe safi usio na doa. Nyuma yake vikafuata vifaranga viwili, vyeusi kama makaa, vinajikwaa juu ya mizizi. Alikuwepo. Miaka thelathini na mmoja yote, alikuwepo. Baba yake hakusema uongo hata siku moja.

Ndege alikuwa nyuma ya jani. Hatua moja zaidi, mwanga utamfika. Hatua moja tu.

Ndipo ukasikika mtambo wa boti.

Mzee aliusikia kwanza. Akageuza sikio. Haukuwa mbali safari hii; ulikuwa unakuja moja kwa moja, kwenye mfereji uliokuwa nyuma ya mafunjo, hatua mia kutoka walipolala. Mpiga picha akaelewa yote kwa mara moja. Wakipiga kelele, ndege atatoweka na hatarudi tena. Wakinyamaza, boti itapita, na mguu wa baba yake haukuwa na siku nyingine ya kusubiri. Akamtazama. Mzee hakuwa akimwona ndege, lakini alijua yupo. Alikuwa ameshika mafunjo kwa mikono yote miwili.

Kisha Mwalimu Darubini, aliyemfukuzia ndege huyo nusu ya umri wake, akajaza kifua pumzi na kupiga ukelele ambao haujawahi kusikika kwenye kinamasi kile.

"TUKO HAPAAA! Mwanangu yuko hapa! Njooni mumchukue mwanangu!"

Katika nukta ile ile, ndege alinyoosha shingo kwa mshtuko, akaingia mwangani. Kidole cha mpiga picha kikabonyeza. Mara moja. Kamera ikazimika kabisa.

Wote wawili wakasimama kwa pamoja, wakapunga mikono, wakapaza sauti mpaka makoo yakachanika. Kupitia upenyo wa mafunjo mpiga picha aliiona boti, aliona hata kofia ya mtu aliyekaa mbele. Watu wale waliangalia upande wao. Waliwaangalia! Na hawakuona kitu. Waliona mafunjo, na ndani ya mafunjo tope lenye umbo la mtu, kama ilivyokusudiwa. Mtambo ulikuwa unanguruma juu ya kila ukelele. Boti ikakata kona, ikaenda zake.

"Mshenzi huyu fundi aliyenishonea suti rangi ya tope!" mpiga picha akafoka, akitupa kofia yake majini. Alilia kwa hasira, machozi na makamasi.

Mzee alikuwa amekaa chini, anatweta.

"Umempata?" akauliza.

"Nimebonyeza mara moja. Sijui, baba. Imezimika, siwezi hata kutazama."

"Basi." Akapapasa darubini shingoni, akaivua. "Fungua hii, utoe kioo chake. Jua likipanda kidogo utawasha moto. Mafunjo makavu yako chini. Watauona moshi kutoka popote."

Ni kweli, wangeuona. Mpiga picha aliishika darubini, akapima uzito wake. Akageuka pale ndege alipoingilia na vifaranga vyake. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea huko huko.

"Sikuwashii moto," akasema.

"Mama, mguu wangu unanuka. Mimi nausikia."

"Nausikia na mimi. Ndiyo maana tunaondoka sasa hivi, kwa miguu yetu. Kiota kile hakiungui kwa mkono wangu." Akamrudishia darubini. "Wewe ulimwona, baba. Nami nimemwona. Ni kama ulivyosema, mpaka kwenye kidevu."

Uso wa mzee ulibadilika. Aliinua mkono, akatafuta shavu la binti yake hewani mpaka akalipata.

*

Alikata mafunjo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alifunga matita sita kwa vipande vya wavu vilivyonasa kwenye mafunjo na kamba ya viatu, akayaunganisha, kikapatikana chelezo kinachozama nusu lakini kisichozama chote. Akamlaza baba yake juu, ndoo ya kamera kifuani mwake, akaingia majini mpaka kifuani na kuanza kusukuma.

"Wapi?" mzee akauliza.

"Naona mstari wa miti kulia. Si mbali."

"Huko hakuna miti. Mlango wa kinamasi uko kushoto. Sikiliza furukombe."

Kweli, mbali kushoto furukombe alikuwa akilia. Lakini furukombe ni tai wa samaki, ana mabawa, hutua atakapo; miti ile mpiga picha aliiona kwa macho yake mawili. Akasukuma kulia. Saa nzima alisukuma, tope likimvuta miguu, na alipofika karibu, ile miti ikawa mafunjo marefu yaliyoota juu ya kisiwa kilichokuwa kinaondoka polepole mbele yake. Angekifuata mpaka kiama.

Mzee hakumsimanga. Alisema tu, "Furukombe wa pale mlangoni ni jike mwenye sauti iliyopasuka. Analia mara tatu, anakata, analia mara moja. Miaka yote analala kwenye mti mmoja, juu ya ofisi ya mlinzi. Huyo ndiye."

Mpiga picha akasimama ndani ya maji. Akafumba macho. Mwanzoni alisikia mbu na damu yake mwenyewe ikipiga masikioni. Kisha ikaja: mara tatu, kimya, mara moja. Akageuza chelezo bila kufungua macho.

"Nisahihishe nikipotoka," akasema.

"Kushoto kidogo. Hapo. Twende."

Wakaenda hivyo, mmoja akisukuma, mwingine akisikiliza. Waliingia kwenye mapito ya kiboko, njia nyembamba iliyofunguliwa na mwili mzito usiku baada ya usiku, na huko maji yalikuwa mepesi zaidi. Mara mzee akainua mkono.

"Simama. Anapumua mbele."

Mpiga picha hakusikia kitu. Safari hii hakubisha. Akakisukuma chelezo ndani ya mafunjo ya pembeni, akajibana. Mapovu yakapanda katikati ya njia. Kisha kichwa kikatoka, kikubwa kuliko kochi, masikio madogo yakizunguka. Kiboko alipuliza maji puani yakawarukia usoni. Aliwaelekea. Mpiga picha alitokwa na jasho jembamba akiwa majini. Aliushika mkono wa baba yake, wakabana pumzi, wakawa matete, wakawa tope. Mnyama akapita hatua nne kutoka kwao, mkondo wake ukakiinua chelezo na kukishusha, akaenda zake bila haraka.

"Unaona," mzee akanong'ona, meno yakimgongana, "nguo za tope zina faida zake."

"Nyamaza, baba." Lakini alikuwa anacheka, kimya kimya.

Mchana ukasogea. Alikunywa maji ya kinamasi bila kuchuja, hakujali tena. Mara mbili aliteleza akazama mpaka utosini, mara mbili alirudi juu akitema matope. Mzee alianza kuweweseka, akafundisha somo la tabaka za mawingu kwa darasa lisilokuwepo, na kila alipomaliza sentensi mpiga picha alimuuliza, "Furukombe yuko wapi, Mwalimu?" na mkono ukanyooka, haukukosea hata mara moja. Alijikaza kisabuni. Aliposhindwa kusukuma kwa mikono, alisukuma kwa kifua. Aliposhindwa kwa kifua, alijifunga kamba ya wavu begani akavuta, macho amefumba.

Sauti ya furukombe ilikuwa juu kabisa ya kichwa chake alipogonga kitu kigumu. Akafungua macho. Ilikuwa nguzo ya gati. Gati la mbao, lenye ngazi, na juu ya ngazi mtu mmoja ameshika dumu la petroli, mdomo wazi.

Alikuwa Katibu.

"Lahaula!" akasema fundi cherehani, na dumu likamponyoka likaanguka majini.

*

Ofisi ya mlinzi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, birika, ramani iliyoliwa na mchwa na kikapu cha simu. Walimlaza Mwalimu kwenye benchi. Mlinzi, kijana mwenye mikono myepesi, akamwosha jeraha kwa maji ya moto na chumvi. Gari la hospitali lilikuwa limeshapigiwa simu, linakuja. Katibu alikuwa haachi kusema. Jana kutwa magharibi, akasema, kila tete tumelifunua, na leo asubuhi tumepita mashariki yote, hatukuona hata unyoya.

"Mlitupita hatua mia," mpiga picha akamwambia. "Mna macho ya kushonea vifungo tu."

Alikuwa ameketi sakafuni, blanketi mabegani, kikombe cha chai mikononi. Hakuinywa. Alimwomba mlinzi waya wa kuchaji. Akachomeka. Akabonyeza kitufe, na kioo kidogo cha kamera kikawaka.

Picha ilikuwa moja. Mpiga picha amepiga maharusi elfu, watoto wachanga, wazee wa kitambulisho, na hajawahi kupiga picha kama ile. Ndege alikuwa katikati, ameinua shingo, kila unyoya unahesabika, jicho linang'aa. Koo jeupe kabisa. Miguuni pake vifaranga viwili, kimoja kimeanguka.

Akampa Katibu kamera.

Katibu akavaa miwani. Akatazama. Akaivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akatazama kwa muda mrefu sana.

"Mwalimu," akasema. "Mwalimu, nilikukosea."

"Ulifanya kazi yako," mzee akajibu kutoka benchini, macho kwenye dari. "Hukuwa na picha."

"Nilikuwa na neno lako."

Akavuta mkoba wake, akatoa kurasa za orodha mpya, zilizokuwa tayari kwenda kiwandani. Akapekua mpaka penye kukuziwa, akatoa kalamu, akapiga magoti kando ya benchi ili aandikie kwenye ubao wake. Mpiga picha aliona anaandika taratibu, kwa mwandiko wa mtu anayekata kitambaa ghali.

"Umeandika tarehe ya leo?" akamuuliza.

"Hapana," Katibu akasema. "Leo ni siku ya picha tu."

"Nisomee," Mwalimu akasema. "Mimi sioni."

Katibu akasafisha koo. "Kukuziwa wa koo jeupe. Anaishi na kuzaliana kwenye kinamasi cha wilaya. Aliyemwona kwanza," na hapo akalitaja jina lote la Mwalimu, lake, la baba yake na la babu yake, kisha akataja siku, mwezi na mwaka, miaka thelathini na mmoja nyuma, asubuhi ile ya ukungu. "Picha imepigwa na binti yake."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Mwalimu kuelekea masikioni, na alikuwa anatabasamu mdomo mzima, bila aibu, kama mtoto aliyepewa zawadi mbele ya watu. Binti yake akaja akaketi kando yake, akamshika mkono. Nje gari lilikuwa limefika, linapiga honi.

"Waambie wasubiri," mzee akasema. "Soma tena."

Katibu akasoma tena.